Nani Anaizungusha Mashine?

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, hadithi za kubuni zina uwezo wowote wa kuijenga elimu ya kesho, au kesho hiyo huamuliwa na sera, bajeti na mitambo?" Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 19, na swali hili nimetembea nalo siku nne nzima. Mniwie radhi jibu langu likirefuka.

Naamini hadithi inaijenga elimu, tena kwa nguvu kuliko tunavyokubali. Kinachoniuma ni kwamba taasisi zetu huisoma hadithi nusu. Huchukua chombo kilichomo ndani yake na kumwacha mtu aliyekishika.

Nianze na picha. Karne ya 19 ilipokuwa inakwisha, msanii Mfaransa Jean-Marc Côté alishiriki kuchora mfululizo wa picha za maisha yatakavyokuwa mwaka 2000. Moja ya picha hizo ni darasa. Wanafunzi wamekaa kwenye madawati, wamevishwa vyombo vichwani, na nyaya zinawashukia kutoka juu. Pembeni mwalimu anatumbukiza vitabu ndani ya mashine kama mtu anayesaga nafaka, na elimu inasafiri kwenye nyaya hadi kwa watoto. Wengi huitaja picha hii wakishangaa jinsi msanii alivyokaribia kuiona intaneti. Macho yangu huishia kwa mtoto mmoja aliyesimama kando ya mashine, kwa sababu yeye ndiye anayezungusha mpini wa mashine hiyo. Kichwani hana waya. Wenzake wanajifunza, yeye anasaga.

Tangu niione picha ile, kila ninaposikia mpango mpya wa elimu namtafuta mtoto huyo. Nani amepewa kazi ya kuzungusha? Naye anajifunza lini?

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa maisha yake yote, kwa maoni yangu, ni Rokeya Sakhawat Hossain. Alizaliwa mwaka 1880 huko Bengali, upande ambao leo ni Bangladesh, katika familia ya Kiislamu yenye uwezo ambamo wavulana walisomeshwa na wasichana wakawekwa ndani. Kaka yake alimfundisha kusoma usiku, watu wa nyumbani wakiwa wamelala. Mwaka 1905 jarida moja la wanawake mjini Madras lilichapisha hadithi yake fupi iitwayo Sultana's Dream, yaani Ndoto ya Sultana. Msimulizi amekaa kitini akiwaza hali ya wanawake, usingizi unamchukua, anajikuta katika nchi ambayo wanaume ndio wanaokaa ndani na wanawake ndio wanaoendesha mambo. Malkia wa nchi hiyo ameamuru wanawake wote wasomeshwe, na haruhusiwi mwanamke kuolewa kabla ya kutimiza miaka 21. Kuna vyuo vikuu viwili vya wanawake. Kimoja kimevumbua puto lenye mabomba ya kuvuta maji kutoka angani. Cha pili, kwa kijicho cha heri, kimefanya utafiti wake hadi kikaweza kukusanya joto la jua na kulihifadhi.

Naomba tutulie hapa kidogo. Mwanamke ambaye hakuwahi kuketi katika darasa la shule anaota nchi, na moyo wa nchi hiyo ni vyuo vikuu viwili vinavyoshindana kwa uvumbuzi. Adui anapovamia, anayeiokoa nchi ni mkuu wa chuo akiwa na wanafunzi wake, kwa joto la jua walilolikusanya wenyewe. Hii ni hadithi ya kubuni, ndiyo, lakini mtu anayejua kusoma ramani ataona kwamba ni mchoro wa jengo.

Na jengo likajengwa. Mwaka 1909 mume wake alifariki, na kwa fedha alizomwachia Rokeya akafungua shule ya wasichana Bhagalpur, India, akaipa jina la mumewe. Wanafunzi walikuwa 5. Mgogoro wa mali ndani ya familia ukamhamisha, na mwaka 1911 akaanza upya Calcutta akiwa na wanafunzi 8. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wazazi. Kwa kuwa wazazi hawakukubali binti zao waonekane njiani, gari la kuwachukua lilibidi lifunikwe. Aliitumikia shule hiyo mpaka alipofariki mwaka 1932, na shule ingalipo.

Sasa pima umbali uliopo kati ya puto la kuvuna maji ya mawinguni na gari lililofunikwa mapazia. Msomaji mwenye haraka atasema ndoto ilipungua njiani. Mimi naona mwandishi aliyejua hasa ni kipi katika hadithi yake kisichoweza kusubiri. Puto lingeweza kusubiri. Msichana wa miaka minane asingeweza. Akalikubali pazia la gari ili msichana afike darasani, na humo darasani mambo mengine yakaanza.

Mfano wa pili unanikosesha raha, na ndiyo maana nautaja. Mwaka 1958 mwanasosholojia Mwingereza Michael Young alichapisha kitabu The Rise of the Meritocracy, yaani kuinuka kwa utawala wa wenye akili na juhudi. Kimeandikwa kama tasnifu ya msomi anayeishi mwaka 2034, anayesimulia kwa fahari jinsi Uingereza ilivyofika mahali ambapo kila mtu anapewa nafasi kwa kipimo cha akili na juhudi zake. Watoto wanachujwa mapema, wenye alama za juu wanatawala, na waliobaki chini hawana hata faraja ya kusema walionewa, kwa maana mtihani ulikuwa wa haki. Mwishoni tanbihi inatuarifu kwamba mwandishi wa tasnifu ameuawa katika ghasia, mikononi mwa watu walewale aliosema hawana uwezo wa kuasi.

Young aliandika onyo. Neno alilolieneza, "meritocracy", likachukuliwa na wanasiasa kama sifa, na mwaka 2001, karibu na mwisho wa maisha yake, alilazimika kuandika gazetini kulalamika kwamba waziri mkuu wa nchi yake analitumia kana kwamba ni jambo la kutamaniwa. Hebu fikirini uchungu huo: unapiga kengele ya hatari, watu wanaigeuza muziki wa kuchezea.

Lakini Young hakuishia kwenye kitabu. Mwaka 1962 alipendekeza hadharani kuwe na chuo kikuu huria, kwa ajili ya watu ambao mchujo uliwaacha nje. Mwaka uliofuata kiongozi wa chama cha Labour, Harold Wilson, alitangaza wazo la "chuo kikuu cha hewani", na Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe aliyekuja kuwa waziri, akalisukuma wakati wengi serikalini walilidharau. Open University ilipata hati ya kifalme mwaka 1969 na ikaanza kufundisha Januari 1971. Haikudai cheti chochote cha kuingilia. Ilikuwa na vipindi vya redio na televisheni, lakini ilikuwa pia na kitu ambacho hakikuonekana kwenye vioo vya televisheni: kila mwanafunzi alikuwa na mkufunzi wake, anayesoma kazi zake na kumrudishia maoni, na kulikuwa na shule za kiangazi ambako watu walikutana ana kwa ana. Mitambo ilipeleka somo mbali. Mkufunzi ndiye aliyemfanya mtu aliyechoka na kazi ya mchana asikate tamaa usiku.

Miaka 40 baadaye tukaja kuamini kwamba video na jaribio la kuchagua jibu vinatosha. Kozi za wazi za mtandaoni zilipovuma mwaka 2012 mamilioni walijiandikisha, na walio wengi hawakumaliza. Sihitaji kusema zaidi.

Nije kwenye mfano unaoonyesha waziwazi usomaji wa nusu. Mwaka 1995 Neal Stephenson alitoa riwaya The Diamond Age. Ndani yake msichana maskini, Nell, anabahatika kupata kitabu chenye akili ya mashine, kinachomsimulia hadithi na kumfundisha kila kitu kadiri anavyokua. Wahandisi wengi walikipenda kitabu hicho cha kubuniwa, hata kifaa cha kusomea cha Amazon, kabla hakijatoka mwaka 2007, kiliitwa kwa siri Fiona, jina la msichana mwingine wa riwaya hiyo. Katika mradi wa One Laptop per Child, uliotangazwa mwaka 2005 kwa ahadi ya kompyuta mpakato ya dola 100 kwa kila mtoto, kulikuwa na mpango wa programu ya kusimulia ulioitwa Nell.

Ila riwaya inasema jambo ambalo ni rahisi kulipita. Sauti inayomsomea Nell ni ya mtu. Ni ya mwigizaji aitwaye Miranda, anayelipwa kusoma maneno kutoka mbali, ambaye hamjui mtoto huyo kwa uso lakini pole pole anaanza kumlea kwa sauti yake. Maelfu ya wasichana yatima wanapewa nakala za kitabu kilekile zenye sauti za mashine. Nao wanaelimika, kwa hakika, lakini wanakua kuwa jeshi. Tofauti kati ya Nell na jeshi lile ni Miranda.

Peru ndiyo nchi iliyonunua kompyuta nyingi kuliko zote za mradi ule. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walitoa matokeo ya jaribio katika shule 319 za vijijini: kompyuta ziliwafikia watoto, watoto walizitumia, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda. Palikuwa na dalili za faida kidogo katika ujuzi wa kufikiri kwa jumla, na ni haki kulisema hilo. Lakini shule nyingi hazikuwa na intaneti, na mwalimu aliachiwa mashine bila kuonyeshwa vya kutosha ifundishe nini na wakati gani. Nell wa riwaya alipata kitabu na Miranda. Mtoto wa kweli alipata kitabu.

Hata hadithi za watoto zilishatuambia. Mwaka 1951 Isaac Asimov aliandika hadithi ya kurasa chache kuhusu msichana wa mwaka 2157 mwenye mwalimu wa mashine chumbani, ambaye anasikia kwamba zamani watoto walikwenda shule pamoja, wakacheka pamoja uwanjani, na anawaonea wivu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa karibu dunia nzima, watoto wangu wa darasa la nne walimwelewa msichana huyo bila kuhitaji maelezo yangu.

Mtaniuliza: kama hadithi zina haya yote, kwa nini shule hazibadiliki? Kwa sababu shule nazo zinaishi ndani ya hadithi za zamani ambazo zimesahau kwamba ni hadithi. Mwaka mmoja niliomba kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma na kutunga bunilizi. Nikaambiwa ratiba haina nafasi, vipindi ni vya dakika 40 na vimejaa, kwa sauti ileile mtu anayotumia kusema mvua inanyesha. Nikajiuliza, hivi saa za somo zilitoka wapi? Huko Marekani jibu lake linashangaza. Taasisi ya Carnegie ya kuendeleza ualimu, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilitaka kuwalipa maprofesa pensheni. Ili iamue chuo kipi kinastahili, ilihitaji kujua wanafunzi wanaoingia huko wamesoma kiasi gani sekondari, ikachagua kuhesabu saa: saa 120 hivi za somo moja kwa mwaka ni yuniti moja. Hesabu iliyofanywa kwa ajili ya pensheni za wazee ikawa kipimo cha elimu ya vijana kwa zaidi ya karne. Mwaka 2023 taasisi hiyohiyo ilitangaza kwamba inatafuta, pamoja na shirika la mitihani la ETS, namna ya kupima ujuzi badala ya muda uliokaliwa kitini. Nililifurahia tangazo hilo kuliko uvumbuzi wowote wa mwaka ule. Mtu fulani alikumbuka kwamba ukuta ulijengwa na watu.

Kipindi nilikipata baadaye, baada ya masomo. Siku moja niliwaambia watoto watunge hadithi ya shule ya miaka 50 ijayo. Roboti zilikuwa nyingi, kama mnavyotarajia. Msichana mmoja naye aliweka roboti za kufundisha masomo yote, lakini getini aliweka bibi kizee. Kazi yake ni moja tu, kuwangoja watoto waliochelewa. Anawajua kwa majina. Anawapa maji, anawauliza kimetokea nini nyumbani, kisha anawapeleka darasani akiwashika mkono.

Shuleni kwetu wakati huo geti lilifungwa saa moja na nusu, na aliyechelewa alirudishwa. Nilipochungulia daftari la mahudhurio nikaona msichana yule alikuwa amerudishwa mara 6 muhula ule. Anawapeleka wadogo zake wawili kabla ya kuja.

Niliomba ruhusa, nikaisoma hadithi yake kwenye kikao cha walimu bila kutaja jina la mtunzi. Kikao kilikuwa kirefu, na wenzangu wawili walipinga kwa hoja za maana kuhusu nidhamu. Mwishowe tulikubaliana kwamba kila asubuhi mwalimu mmoja wa zamu abaki getini saa nzima baada ya kengele, akiwa na orodha ya majina na ndoo ya maji ya kunywa.

Zamu ya kwanza niliishika mimi. Alifika saa mbili kasoro dakika kumi, akihema, akaiona ndoo.