Mzaha wa Barazani na Adabu Zetu

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Mji wa Kale, Mombasa. Kila jioni barazani petu huwacheka wanasiasa, wanamuziki na timu zilizofungwa. Kijana mmoja ametuambia kuwa watu wanaojidai kushika mila hawapaswi kufanya mzaha wa namna hiyo. Je, ana haki?

JIBU: Mzee wangu, sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu mzaha wenye makali ni sehemu ya mila hizo hizo mnazozishika. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliwarushia wapinzani wa Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo, mashairi ya kejeli, na hadi leo twamtaja kwa fahari. Tazama pia leso zinazotundikwa madukani katika Barabara ya Biashara: mwanamke huchagua jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kwa makini, akajifunga, akapita mbele ya mlango wa jirani bila kufungua kinywa, na kijembe kikafika.

Mwanasiasa aliyeahidi maji, kisha mifereji ikabaki mikavu, anastahili kuchekwa. Timu ya Bandari ikifungwa uwanjani Mbaraki, shabiki wake na ataniwe mpaka kahawa imwagike. Lakini mwanamuziki mchekeni kwa maneno matupu ya wimbo wake, wala si kwa mama yake, kabila lake au ulemavu wake. Hapo, nami nasema kwa uchungu kwa kuwa nimeyasikia, mzaha huwa umegeuka matusi. Kijana huyo mkaribisheni, mmiminieni kahawa kutoka kwenye dele, kisha mtanieni naye.