Kabla Hujanunua Vifaa vya Kupiga Mbizi, Jua Utazamia na Nani

Vijana wanaoanza kazi kwenye vituo vya kupiga mbizi Nungwi na Kendwa, Zanzibar, huniuliza swali lile lile: nikishika hela, ninunue nini kwanza? Wanategemea nitaje regileta, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, au kompyuta ya kuvaa mkononi inayoonyesha kina na muda. Nami huwauliza, utakuwa unazamia na nani? Sikwepi swali. Ukitazama jinsi mpiga mbizi alivyofunga vifaa vyake, unajua anamtegemea nani hewa ikimwishia, na juu ya hilo wenye kazi hii hawajapata kuelewana.

Wengi wetu tulifundishwa njia ya watalii: jaketi la kuelea, regileta moja mdomoni, nyingine ya njano, oktopasi, imebanwa kifuani. Mwenzako akiishiwa, anachukua ile ya njano. Njia ya pili ilitoka kwenye mapango ya maji ya Florida, Marekani. Huko mpira wa regileta ya mdomoni, yaani bomba linaloleta hewa kutoka mtungini, una urefu wa kama mita 2.1, ili watu wawili wapite penye wembamba mmoja nyuma ya mwingine huku wakivuta mtungi mmoja. Anayeishiwa hupewa ile ile iliyo mdomoni mwa mwenzake, kwa sababu hiyo haina shaka kwamba inafanya kazi. Mtoaji anahamia kwenye regileta fupi iliyofungwa chini ya kidevu kwa uzi wa mpira. Jarrod Jablonski, mmoja wa waliochunguza mapango ya Wakulla, huko huko Florida, alianzisha shirika la wapiga mbizi la GUE (Global Underwater Explorers) mwaka 1998, na huko timu nzima hufunga vifaa kwa namna moja. Wapo pia wanaosema usimtegemee mtu kabisa: beba mtungi mdogo wa akiba wenye regileta yake, ujiokoe.

Mimi niko upande wa watu wa mapangoni kuhusu regileta ya mdomoni. Mtu mwenye hofu hukimbilia kile anachokiona kinatoa mapovu. Lakini wakali wao, waliokataa katakata kuzamia na yeyote aliyefunga vifaa tofauti, siwezi kuwafuata. Kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Mnemba watu wanakutanishwa asubuhi hiyo hiyo, bwana wa Ujerumani na mpira wake mrefu, dada wa Nairobi na jaketi la kukodi. Utamwacha nani ufukweni?

Wawili kama hao niliwafanyisha zoezi kwenye mchanga, mita 6, kabla ya kwenda kwenye ukuta wa mwamba unaoshuka kilindini. Dada akatoa ishara ya kuishiwa, mkono ukipita kooni, kisha akaikamata regileta iliyo chini ya kidevu cha mwenzake, maana kwa macho yake hiyo ndiyo ya akiba. Akaivuta. Uzi ukakaza shingoni mwa bwana, regileta haikufika. Wakati huo bwana ameshaitoa ya mdomoni anamnyooshea, naye anaisukuma pembeni. Wote walikuwa wazuri majini, na kila mmoja alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Tulirudia mpaka mkono wa dada ukaacha kwenda kidevuni.

Kwa hiyo zoezi hili lianzie botini, mitungi ikiwa mgongoni: nionyeshe utakayonipa, nikuonyeshe nitakayokupa, kisha tufumbe macho turudie. Halafu majini, mahali pasipo na kina kirefu. Haichukui muda.

La pili ni hesabu ya hewa, na hapa njia ya watalii inanikera. Tunaambiwa tutoke majini mtungi ukiwa na baa 50, baa ikiwa kipimo cha mgandamizo wa hewa. Piga hesabu ukiwa mita 30. Watu wawili wenye hofu, kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika akiwa juu. Chini kule ni mara nne, kwa mgandamizo wa maji. Dakika moja ya kutulizana inakula lita 240. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika, kama lita 500. Dakika 3 za kusimama mita 5, lita 270. Jumla ni kama lita 1,010. Mtungi wa kawaida wa alumini una lita 11, yaani kila baa ni lita 11 za hewa, kwa hiyo mnahitaji zaidi ya baa 90 mkianza kupanda. Mpira uwe mrefu au mfupi, hewa ikishapungua hapo hautawasaidia.

Wa mtungi mdogo nawaelewa. Mwenza aliyezama kwenye kamera yake mita 10 kutoka kwako ni mwenza wa kwenye karatasi tu. Lakini mtungi wa akiba haukati wavu wa mvuvi ulionasa nyuma ya kichwa chako, mahali mkono wako haufiki.

Basi kijana, kama unaongoza watalii, nunua regileta nzuri na uweke mpira mrefu kiasi wa kumpa mgeni asiyejua lolote, hata mita 1.5 inatosha kwenye mwamba wazi. Kama umepata kikundi cha kudumu, fungeni sawa, na mbadilishe wote kwa pamoja. Na ukipangiwa mwenza anayekataa zoezi la botini kwa kuwa ana vyeti vingi, mwambie kiongozi wa msafara akupangie mwingine. Nahodha atasubiri.