Kabla hujafungua hedi, chungulia kwanza

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya injini, leo nazungumzia ile kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu, yenye kichwa chembamba na vitaa vidogo mbele. Wengi mnayo tayari. Shida ninayoiona ni kwamba mnaitumbukiza kwenye silinda kabla hamjajua mnatafuta nini, na kamera ya bei nafuu humdanganya upesi sana mtu aliyekwenda bila swali.

Kuna gari moja lililonifunza hilo vizuri. Asubuhi lilikuwa linamisi, yaani silinda moja haichomi vizuri na injini inatetemeka, likishapata moto linatulia. Rejeta ilipungua maji kidogo kidogo, lakini chini hakukuwa na tone, na oili ilikuwa safi. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba injini imekwisha. Mimi nilikuwa na swali moja tu: haya maji yanakwenda wapi? Nikatoa plagi zote nne, nikachungulia. Silinda namba 1, 2 na 4 zilikuwa na masizi makavu juu ya pistoni, rangi ya kahawia iliyokolea. Namba 3 ilikuwa inang'aa upande mmoja kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Maji yakipenya kwenye silinda hugeuka mvuke, na mvuke ule huyabandua masizi siku baada ya siku.

Dalili hiyo pekee haikunitosha. Nikafunga pampu ya kupimia rejeta, nikajaza upepo bila kuvuka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chake, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikarudisha kamera. Matone matatu ya kulanti, yale maji ya kupozea injini, yalikuwa yametulia juu ya pistoni, na ukutani mstari wa unyevu ukishuka kutoka usawa wa gasketi, ile inayoziba kati ya silinda na hedi, yaani kichwa kinachozifunika silinda kwa juu. Hapo ndipo tulipofungua hedi, na tulijua tunaifungulia nini.

Angalieni kilichonisaidia pale: zile silinda tatu nzima. Ningechungulia namba 3 peke yake ningeweza kuisifu kwa usafi. Kwa hiyo kila mara toa plagi zote, tazama zote, ukizilinganisha. Na kila unapobadilisha plagi za injini isiyo na tatizo, omba ruhusa uchungulie dakika tano. Macho yakishazoea injini nzima, mbovu itajionyesha yenyewe.

Ukutani mwa silinda utaona mistari myembamba inayokatizana. Ile imechorwa makusudi kiwandani ili kuta zishike oili. Ikiwa bado inaonekana, furahi. Ukiona mikwaruzo ya kusimama, kutoka juu kwenda chini, usikimbilie kutoa hukumu. Kamera hukuza kila kitu, na taa yake ikipiga kwa ubavu, mchubuko mdogo unaonekana kama mtaro. Niliwahi kumwambia mtu silinda yake imekwaruzika vibaya, na maneno yale bado yananiuma, kwa sababu nilimnyima usingizi bure. Nilipokuja kupima kompresheni, yaani presha ya hewa pistoni inapoibana, silinda zote zilikuwa zimekaribiana. Baadaye hedi ilifunguliwa kwa sababu nyingine, nikapitisha ukucha juu ya mkwaruzo ule: haukukwama hata kidogo.

Tangu siku ile kipimo cha kompresheni hutangulia. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima huwa kati ya baa 10 na 13, lakini ninachojali zaidi ni tofauti baina ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini waziwazi, basi kamera inaingia ikiwa na kazi: ni vali, ni ukuta, au ni pistoni yenyewe?

Vali ndizo ngumu kuziona, maana ziko juu, nyuma ya kamera yako. Wengine huchomeka kile kioo kidogo kinachokuja nacho. Nawasihi msikiamini. Kinashikiliwa na klipu dhaifu, na kikidondokea ndani ya silinda utafungua injini kwa ajili ya kioo badala ya ugonjwa. Tafuta kamera yenye lenzi ya pili ubavuni. Zungusha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, mpaka vali ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, ifunguke, kisha tazama ukingo wake pande zote. Vali nzima rangi zake huzunguka sawasawa kama duara. Inayoungua huwa na doa lililokaa upande mmoja, na ikiwa imeshaharibika sana utaona ukingo umemeguka.

Kwa gari linalokula oili, tazama pembezoni mwa pistoni. Oili ikipanda kupitia ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, mara nyingi huosha ukingo wote ukabaki na unyevu, huku katikati kukiwa na kaboni nyeusi nzito. Lakini ringi zenyewe hutaziona, wala beringi za krenki. Ukisikia injini inagonga chini, weka kamera pembeni.

Sasa mambo ya mikono. Injini iliyotoka barabarani ina joto la nyuzi 90 hivi, na kamera hizi haziundwi kwa moto wa namna hiyo, kwa hiyo subiri ipoe. Puliza upepo kwenye mashimo ya plagi kabla ya kuzilegeza, la sivyo mchanga wote utaingia ndani. Ukitaka kuzungusha injini, toa kamera kwanza, weka gia huru, kisha zungusha kwa spana kwenye bolti ya krenki. Usiguse swichi ya kuwashia injini. Pistoni ikiwa chini kabisa ndipo ukuta unaonekana wote.

Kuhusu unene, kichwa cha milimita 5.5 hupita karibu kila tundu la plagi. Cha milimita 8 kinapita kwenye tundu la plagi zenye uzi wa milimita 14, ila kwenye zile nyembamba kinaweza kukwama au kubana ukikitoa. Lenzi ikigusa oili, picha yote inakuwa na ukungu, na nimeona vijana wakiuita ukungu huo moshi. Ifute kwa kitambaa laini kila unapohama silinda.

Piga picha, na kila picha iandike namba ya silinda na kilomita za gari. Za lile gari la kwanza ninazo mpaka leo. Lilirudi kwa huduma ya kawaida miezi kadhaa baadaye, nikatoa plagi ya namba 3 kabla ya kugusa kitu kingine: masizi ya kahawia yalikuwa yameanza kurudi juu ya pistoni, makavu, yakienea sawa pande zote.