Binti yangu amejifungia, ndugu wanasema ni mapepo

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili halali usiku, hali chakula vizuri na ameacha netiboli aliyoipenda. Bibi yake anasema ni mapepo, baba yake anasema ni uvivu. Naogopa kwamba nikimpeleka hospitali ataitwa kichaa. Nifanyeje?
Mama K., Morogoro

JIBU: Mama K., dalili ulizozitaja, zikidumu zaidi ya wiki mbili, zinaweza kuwa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, unaotibika, ambao kwa vijana mara nyingi hujitokeza kama hasira au kushuka kwa masomo, ndiyo maana wazazi wengi huudhania utundu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Binti yako si kioja. Bibi anaweza kuendelea kumwombea, kwani dua haizuii matibabu, lakini kumwita mvivu kunamfundisha kuficha.

Keti naye faraghani, umsikilize bila kumkatiza, kisha umuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru, maana swali hilo halimpandikizii wazo hilo, kinyume na wengi wanavyoamini. Akikiri, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vinginevyo, anzia kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa. Simu ya bure 116, ya huduma kwa mtoto, nayo hutoa ushauri. Majirani hawalazimiki kujua.