Mita 120 kutoka wapi? Kwa wanaoanza kurusha droni nyanda za juu

Habari ya usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania sitaieleza kwa kirefu, kwani haina mjadala: bila karatasi hizo, droni ibaki kwenye begi. Vivyo hivyo kuhusu viwanja vya ndege vya Songwe (Mbeya) na Nduli (Iringa), ambako hata kukaribia hupaswi. Ninachotaka kuwaeleza ni kosa nililolifanya mwaka wangu wa kwanza, ambalo mtu wa tambarare za pwani huenda asilifanye maisha yake yote.

Nilisimama kwenye bega la mlima Loleza, nikairusha droni kuelekea mjini Mbeya. Skrini ilionyesha mita 90, nami nikajihesabu mtiifu, maana kikomo kilichozoeleka ni futi 400, yaani mita 120 hivi. Nilichokisahau ni kwamba droni nyingi za burudani hupima kimo kwa kanieneo ya hewa kuanzia pale ziliporukia, ilhali kikomo huhesabiwa kutoka kwenye ardhi iliyo chini ya chombo wakati huo. Kilele cha Loleza kinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na mji uko kwenye mita 1,700 hivi. Kwa hiyo droni yangu ilipouacha mteremko, ilikuwa juu ya nyumba za watu kwa mamia ya mita, kwenye anga ambayo rubani wa ndege ndogo ana haki ya kupita bila kutarajia kitu. Skrini haikubadilika hata tarakimu moja. Siku hizi naanzia bondeni na kupanda na mlima, na nikilazimika kuanzia juu, naishusha droni kadiri ardhi inavyoshuka.

Kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu mambo hugeuka. Ndege inayonyunyizia sumu ya kuua kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka, huruka chini sana, hivyo kikomo cha mita 120 hakiwatenganishi nayo hata kidogo. Muulizeni afisa kilimo kabla ya kurusha chochote msimu wa mpunga unapokaribia kuiva.

Wapo watakaosema kidude chepesi hakiwezi kuidhuru ndege. Januari 2025, wakati wa moto mkubwa wa Los Angeles, droni ya burudani ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto, ikabidi ndege hiyo iondolewe kazini wakati inahitajika kuliko siku zote. Mwenye droni alikuwa ameipeleka zaidi ya kilomita mbili, hadi akapoteza kuiona. Kumbukeni pia kwamba ndege mnyama ni nyama na manyoya, bali droni ina betri na mota za chuma.

Kwetu huku milima huzuia sauti, na ndege inaweza kuchomoza nyuma ya kilima ikiwa imeshafika. Ndiyo maana huwa naenda na mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kutazama anga tu, wala si skrini, kwa ujira wa mahindi mawili ya kuchoma. Akisema "shusha", nashusha kwanza, kisha ndipo namuuliza ameona nini.