Maswali na majibu: sosi ya babikyu ya nyumbani, na kwa nini yako inatoka mchuzi

Toka niliposema habari ya kuku wa kuchoma, maswali yanayoingia ni ya sosi tu, ile nyeusi nyekundu, tamu, yenye harufu ya moshi, inayoliwa na nageti na chipsi. Nimechagua yenye faida kwa wengi. Mengine nayajibu kwa ufupi mana kila wiki yanarudi yale yale.

Dada, nimefata mapishi tofauti tofauti kutoka mtandaoni lakini kila nikipika sosi yangu inakuwa na ladha ya mchuzi wa tungule. Nakosea wapi? (Msomaji, Fuoni)

Umekosea pale mwanzo kabisa, mana najua umetia mafuta kwenye sufuria ukakaanga kitunguu maji na thomu. Sisi huku Zanzibar mkono unakwenda wenyewe, sufuria ikipata moto tu ni mafuta, kitunguu, thomu, tungule, halafu ukionja unaona imepwaya unatia na bizari kidogo, na hapo ushapika rosti nzuri sana ya kulia wali lakini sosi ya babikyu huipati tena hata utie nini. Sosi ya migahawa ile haina kitunguu cha kukaanga, na mafuta takriban haina kabisa. Ina vitu vinne, tungule nzito, sukari nyeusi, siki na moshi, vyengine vyote vinasindikiza tu. Kitunguu na thomu vinatiwa vya unga, na sio uvivu, vya unga havina harufu ya mbichi wala havitoi vipande, sosi inatoka laini inang'aa.

Chukua karatasi uandike. Tungule nzito ya kopo, zile paketi ndogo za gramu 70, mbili. Maji kikombe kimoja, yaani mililita 250. Sukari guru iliyokunwa gramu 120. Siki nyeupe robo kikombe. Ukwaju uliokamuliwa mzito, vijiko viwili vya kulia. Chumvi kijiko kimoja cha chai, papurika kijiko kimoja cha chai, kitunguu cha unga kijiko kimoja cha chai, thomu ya unga nusu, pilipili manga nusu, haradali ya unga nusu. Karafuu mbili, mbili tu, nzima, na uzitoe mwisho. Moshi unatiwa sosi ikishawiva, njia yake ipo huko chini. Najua sisi karafuu tunazo mpaka tunazikanyaga majiani zikianikwa, lakini ukitia sita ulimi unakufa ganzi na hicho chakula kitanuka kama dawa ya meno.

Tungule peke yake kwanza, itie kwenye sufuria kavu moto mdogo uikoroge dakika mbili tatu mpaka rangi iingie weusi kidogo na ile harufu ya kopo itoke. Halafu tia maji na vyote vilivyobaki, koroga, ikichemka punguza moto iwe inatoa mapovu machache tu, na iachie dakika 20 huku unapitisha mwiko chini mana sukari inashika. Kujua kama imewiva, tia tone kwenye kisahani kilichokaa kwenye friji, subiri kidogo, kiinamishe. Likiteremka polepole kwa ulegevu mmoja, ipua. Likikimbia na pembeni likaacha maji maji, bado. Usingoje iwe nzito ndani ya sufuria, mana ikipoa inazidi kuganda na kesho utaikuta kama jemu.

Na usiihukumu ikiwa moto. Mvuke wa siki unapanda puani unaona kali, unakimbilia kuongeza sukari, kesho yake imekuwa halua. Ilaze usiku mmoja ndo uonje.

Jengine ambalo hukuuliza: usitumie sufuria ya alumini. Siki na tungule na ukwaju vyote ni vikali, vinakula alumini na sosi inatoka na ladha ya bati. Tumia ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka.

Naomba kipimo. (Wasomaji wengi)

Kipo hapo juu. Na tafadhalini, kipimeni. Sosi hii ni sukari na siki zinavutana, kukadiria kwa jicho kunafaa kwenye pilau, hapa hapafai.

Sukari guru sina, nitie sukari nyeupe? (Msomaji, Bububu)

Utapata utamu, hutapata sosi. Wamarekani wanatia molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa kwenye maji ya miwa. Sukari guru haijatolewa molasi yake, kwa hivyo ile ladha nzito yenye uchungu kidogo imo humo humo, na sokoni Darajani inauzwa kila siku. Sijui kwa nini mtu anahangaika kutafuta kichupa cha molasi cha kutoka nje kwa bei ya kuku mzima. Ichunguze tu kabla hujanunua, ivunje kipande uangalie ndani isiwe na mchanga wala vijiti, na ukishaiyeyusha kwenye maji ichuje.

Naweza kutumia kechapu badala ya tungule ya kopo? (Msomaji, Mkoani)

Unaweza, lakini kechapu tayari ina sukari na siki na chumvi, kwa hivyo usije ukatia vipimo vyangu vyote juu yake ukanilaumu. Kikombe kimoja cha kechapu, sukari guru nusu ya niliyosema, siki vijiko viwili tu, chumvi onja kwanza. Na usome chupa, kuna kechapu za bei rahisi ambazo tungule imo kwa jina tu, iliyobaki ni wanga na rangi. Hizo zikichemka zinakuwa kama gundi.

Dada moshi wa chupa, yale maji yenye ladha ya moshi, huku Chake hatupati, na rafiki yangu aliuagiza Dar ukamfikia umemwagika. Kuna njia nyengine?

Ipo, na ni bora kuliko hiyo ya chupa. Washa mkaa kwenye seredani, nje, sio chumbani na sio jikoni ulikofunga madirisha, mana mkaa unatoa hewa ya sumu isiyonuka na watu wanalala wasiamke, hili nitalisema kila nitakapotaja mkaa. Chukua kifuu cha nazi kilichokauka vizuri, kivunje vipande vidogo, na usifute zile nyuzi zote. Sosi yako ikiwa ya moto itie kwenye bakuli pana la udongo au la stenlesi, katikati weka kikombe kidogo cha chuma au kibakuli cha udongo kisichozama. Tia kaa moja jekundu humo, juu yake vipande viwili vitatu vya kifuu, ngoja moshi upande mweupe, halafu funika kwa kibia kizito na uzungushe kitambaa kibichi pembeni usitoke. Dakika 10. Funua, koroga, onja. Moshi ukiwa hautoshi rudia na kaa jipya, lakini usiache moja likae nusu saa, mana kaa likianza kufa moshi wake unakuwa mchungu na sosi inapata ladha ya jivu.

Sasa sikilizeni. Yale makaa ya duara ya chetezo, yanayowaka kwa kiberiti kimoja yakitoa cheche, msiyatumie kwenye chakula. Yametiwa dawa ya kuwashia. Ya udi yabaki kwenye udi. Na wala msichome mbao za fanicha au za boti zilizopigwa rangi, nimeona mtu anafanya hivyo kwa ajili ya mishkaki na anawalisha watoto wake.

Kuku wangu ananitoka mweusi nje na mbichi ndani. Sosi nimempaka toka usiku. (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Ndo umejijibu. Sosi ina sukari, na sukari inaungua kabla kuku hajapata hata nusu ya moto anaoutaka. Usiku mpake chumvi, ndimu, thomu na pilipili tu. Mchome mpaka awive, ukimchoma kisu kwenye mapaja maji yatoke meupe, na ukiwa na kipima joto ndani ya nyama ifike nyuzi 74. Dakika tano za mwisho ndo umpake sosi, umgeuze, umpake tena, basi. Mishkaki hivyo hivyo, na hiyo dakika mbili zinatosha.

Na brashi uliyompakia kuku mbichi usiichovye kwenye chupa ya sosi. Mimina kidogo kwenye bakuli, hiyo ndo ya kupakia, iliyobaki humo tupa. Watu wanairejesha chupani kwa kuona huruma halafu wiki nzima nyumba inaumwa matumbo wanasema ni maji ya mfereji.

Nilionja babikyu ya McDonald's Muscat kwa shangazi. Mbona binamu yangu aliyeko Marekani anasema babikyu yao ni ya majimaji na chachu? (Msomaji, Wete)

Wote mko sawa. Marekani kila upande una yake. Hii nzito tamu yenye tungule na molasi ni mtindo wa Kansas City, na ukienda North Carolina upande wa mashariki wanapika siki na pilipili tu, tungule hawatii kabisa. McDonald's walipoanza kuuza nageti za kuku Marekani nzima mwaka 1983, babikyu ilikuwa moja ya sosi zilizokwenda nazo, na hiyo tamu ndo iliyosambaa duniani, mtu akadhani hakuna nyengine. Mimi ile ya siki naipenda zaidi kwa samaki wa kuchoma, nguru hasa.

Mapishi mengi yanataka sosi ya Worcestershire na mengine bourbon. Tufanyeje sisi? (Msomaji, Mtoni)

Bourbon ni ulevi, itoe, na msidanganywe kuwa ikichemka inaondoka yote, haiondoki yote. Mahala pake tia maji ya nanasi au usitie kitu.

Worcestershire someni kibandiko. Ile ya asili ina siki, molasi, sukari, samaki wadogo wa chumvi, kitunguu, thomu na ukwaju. Ukwaju! Unatoka kwetu huku unarudi kwenye chupa ya elfu kadhaa. Ndo maana kwenye kipimo changu mmeona ukwaju na karafuu, kazi ya hiyo sosi vinaifanya hivyo viwili. Roweka kokwa kwenye maji ya moto kidogo, kamua kwa mkono, chuja. Hukumu ya chupa zenyewe waulizeni mashekhe, mie napika tu.

Mama ana sukari, ale? (Msomaji, Kiembesamaki)

Vijiko viwili vya kulia vya sosi hii vina sukari ya karibu vijiko vitatu vya chai. Mpake kuku wake ndimu na pilipili, na akitaka kuonja achovye kidogo, sio kumiminiwa.

Nataka kuitengeneza kwa wingi niuze kwenye maduka. Itakaa nje miezi sita? Nina chupa nyingi za maji nilizokusanya. (Msomaji, Chukwani)

Hapana, na hapana tena. Chupa za maji hazikutengenezwa kutiliwa kitu cha moto, zinanywea, na huwezi kuzichemsha kuua vijidudu. Nyumbani tumia chupa za vioo zilizochemshwa dakika 10 na kukaushwa, mimina sosi ikiwa bado ya moto sana, funga, ikipoa tia kwenye friji, na uimalize ndani ya wiki tatu. Nje ya friji kwa joto letu hili usijaribu. Ukiona mapovu madogo yanapanda au kifuniko kimevimba, usionje, mwaga.

Za kuuza ni habari nyengine. Ukali wa sosi unapimwa kwa kipimo cha pH na unatakiwa uwe chini ya 4.6 kwa uchache, na mtu akikwambia "mbona chachu" hiyo sio pH. Nenda ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, wakuangalie jiko, na ZBS, taasisi ya viwango, wapime bidhaa kabla hujabandika kibandiko chochote. Najua mtaona mzunguko, lakini mnawalisha watoto wa wenzenu.

Inagandishwa? (Msomaji, Jambiani)

Inagandishwa. Vikombe vidogo, acha nafasi ya kidole juu, na ukiitoa ichemshe tena ukiikoroga mana inaachana maji.