Toleo kwanza, matokeo baadaye

Ukianza kutumia hifadhidata za kibiolojia utafurahi kuona karibu kila kitu ni bure. Nami nilifurahi, hadi nilipopoteza wiki tatu. Nilikuwa na orodha mbili za mabadiliko ya vinasaba vya binadamu, nazilinganisha kwa namba za mahali kwenye kromosomu, na karibu hakuna kilichooana. Nikailaumu programu. Kumbe orodha moja ilifuata jenomu rejea (mfuatano wa DNA wa mfano ambao namba hizo huhesabiwa juu yake) ya toleo la GRCh37 lililotoka 2009, nyingine toleo la GRCh38 la 2013. Kromosomu ni zilezile, ila hesabu ya herufi za DNA imesogea. Tangu hapo naandika toleo na tarehe ya kupakua kabla sijafungua faili.

Ndiyo maana jina la jeni peke yake halitoshi. Usiandike TP53 ukaishia hapo, andika na namba ya kumbukumbu ya mfuatano wake, NM_000546.6. Hiyo 6 baada ya nukta ndiyo toleo la mfuatano, na mwenzako atakayerudia kazi yako ataihitaji.

Tena, kuwekwa hadharani si kukaguliwa. GenBank, hazina ya Marekani ya mifuatano ya DNA, hupokea mifuatano kutoka kwa watafiti, na kumbukumbu hubaki mali ya aliyeileta. Kiumbe kikipewa jina lisilo lake, kosa laweza kukaa humo miaka. Usikimbilie hazina wenza, ENA ya Ulaya wala DDBJ ya Japani, ukidhani utapata iliyo safi zaidi: hizo tatu hubadilishana data kila siku, na kosa husafiri nazo. Kwenye UniProt, hazina ya protini, mimi huanza na sehemu yake ya Swiss-Prot, iliyopitiwa na wataalamu. Sehemu ya pili, TrEMBL, ni kubwa mno kuliko hiyo, lakini maelezo yake yameandikwa na kompyuta.

Maumbo ya protini nayo ni vivyo hivyo. PDB, hazina ya maumbo hayo iliyoanza 1971 na miundo 7, huhifadhi yaliyopimwa maabara. Hazina ya AlphaFold, programu ya akili bandia, ina zaidi ya milioni 200, lakini ni ya kutabiriwa. Angalia rangi, ndizo zinazoonyesha kiwango cha uhakika: buluu iliyokolea unaweza kuitegemea kiasi, penye rangi ya machungwa usijenge hoja.

Na Excel! Ukiifungulia orodha ya jeni, jina la jeni SEPT2 laweza kugeuka tarehe ya Septemba kimyakimya. Kufikia 2020 kamati ya majina ya jeni ilikuwa imesalimu amri, ikaiita SEPTIN2. Orodha za zamani bado zina jina la zamani, kwa hiyo ifanye safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuingiza data.